Kifaa cha kuonyesha njia: kipi kinaijua Ufipa?



Ndugu wasomaji, swali la wiki hii limeletwa na mama mmoja wa hapa Sumbawanga, ambaye mumewe ni dereva wa lori la mahindi. Baba huyo amerejea safarini akiwa na shauri la kununua kifaa cha GPS, kile kidogo kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele kikamwelekeza dereva njia. Mama anauliza kama huko si kupoteza fedha, maadamu simu janja anayo. Swali hilohilo limo katika ajenda ya kamati yetu ya msikiti, kwani wako wanaotaka gari letu la kubebea jeneza liwekewe kifaa cha namna hiyo. Fedha ya mama ni riziki ya watoto, na fedha ya kamati ni amana ya waumini. Kwa hiyo nimeona tulijibu kwa urefu kidogo.

Tuanze na namna kifaa kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo wauzaji wanapopata mwanya wa kuwababaisha watu. GPS ni mfumo wa Marekani, ulioanzishwa kwa ajili ya jeshi, na setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Leo setilaiti zaidi ya 24 zinaizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Kila moja hutangaza mahali ilipo na saa iliyo nayo. Kifaa kilicho mkononi mwako husikiliza matangazo ya setilaiti zisizopungua nne, kikapima muda ambao kila tangazo limechukua kufika, kisha kikakokotoa mahali kilipo. Kazi yake ni kusikiliza tu, kama redio ya mkulima inayopokea matangazo shambani. Hakipeleki chochote juu, hakihitaji mnara wa simu, wala hakidai bando.

Mfumo huu haukuwa wa raia tangu mwanzo. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotoka kwenye njia yake, ikaingia anga la Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa, Rais Reagan wa Marekani alitangaza kwamba mfumo utakapokamilika utakuwa wazi kwa raia bila malipo. Hata hivyo, kwa miaka mingi mawimbi ya raia yalivurugwa kwa makusudi, mtu akaonyeshwa mahali pake kwa hitilafu ya kiasi cha mita mia moja. Uvurugaji huo uliondolewa Mei 2000. Tangu hapo kifaa cha bei ya kawaida kikaweza kumwonyesha mtu alipo kwa hitilafu ya mita chache, na simu nyingi za sasa husikiliza pia setilaiti za Warusi, za Ulaya na za Wachina.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwamba kifaa cha kuonyesha njia kina ada ya setilaiti ya kila mwezi, ama hajui anachouza au anakuuzia kitu kingine. Kitu hicho kingine kipo, nacho kina manufaa yake. Ni kifuatiliaji, kile kinachofichwa ndani ya gari na kutiwa laini ya simu ili mwenye gari ajue lilipo. Mabasi ya abiria yanayosimamiwa na LATRA hufungwa mfumo wa aina hiyo, na ndiyo sababu mwendo wao hujulikana hata wakiwa mbali. Kifuatiliaji humwambia tajiri gari liko wapi, lakini dereva hakimwambii apite njia gani. Nimeona watu wakiviita vyote viwili GPS, na dukani huko ndiko kunakozaa majuto.

Sasa tuje kwenye kiini. Anayenunua kifaa cha GPS hununua ramani iliyomo ndani yake. Kujua mahali kilipo ni kazi ambayo kifaa chochote hufanya. Kujua kwamba hapo ulipo ni Laela, na kwamba barabara iliyo mbele yako inakwenda Sumbawanga, ni kazi ya ramani. Ushahidi tunaupanda kila siku. Magari mengi tunayoyaendesha yametumika kwanza Japani, nayo yamekuja na skrini nzuri katikati ya dashibodi. Ukiwasha, huzungumza Kijapani, na ramani iliyomo ni ya Japani. Gari liko Mazwi, lakini linatafuta barabara za Nagoya. Setilaiti zote linazisikia. Ila dunia linayoijua haina Afrika ndani yake. Vivyo hivyo vifaa vya kubandika vilivyotumika Ulaya au Uarabuni, ambavyo ndugu hurejea navyo kama zawadi. Jina la kampuni ni kubwa, Garmin au TomTom, na kifaa ni kizima, lakini ramani yake inaishia bahari ya Mediterania au mpaka wa Oman.

Basi kipimo changu ni chepesi, na mama anaweza kukifanya mwenyewe akiwa dukani. Asitazame ukubwa wa skrini wala asisikilize sifa. Amwambie muuzaji akiwashe, kisha aandike Matai. Akimaliza aandike Namanyere, Laela, Muze na Kirando. Kifaa kisichoijua Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, hakina haki ya kuomba fedha ya mtu wa Rukwa. Aulize pia ramani itasasishwa vipi na kwa gharama gani, kwa sababu barabara zetu zimebadilika mno. Njia ya Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo wazazi wetu waliipita kwa siku nzima ya vumbi au tope, leo ni lami. Na ramani ya zamani bado inamhesabia msafiri saa za wakati ule.

Upande wa simu una habari njema kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kuwa kupokea mawimbi ya setilaiti hakuhitaji intaneti, kinachokosekana ukitoka kwenye mtandao ni ramani peke yake, nayo inaweza kuwekwa ndani ya simu kabla ya safari. Programu ya Google Maps inamruhusu mtu kuchagua eneo na kulipakua. Zipo pia programu kama OsmAnd na Organic Maps, zinazotumia ramani ya OpenStreetMap iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kujazwa na watu wa kujitolea duniani kote. Ramani ya Tanzania nzima huingia kwenye simu ya kawaida, na ukishaipakua unaweza kuitoa laini kabisa, nayo simu ikaendelea kukuonyesha njia. Vijana wengi hawalijui jambo hili. Hudhani kwamba bando likiisha, njia nayo imeisha.

Nitoe mfano mmoja bila kutaja majina. Katika msimu mmoja wa mvua, jeneza lilitoka mjini kwa kuchelewa, yapata saa tisa alasiri, likaenda kuzikwa bondeni upande wa Mtowisa. Gari lilikuwa la kukodi na dereva alikuwa mgeni wa mkoa. Simu yake ilimwongoza vizuri hadi Ntendo na mwanzo wa mteremko. Katikati ya safu ya Lyamba lya Mfipa mtandao ukakatika. Ile alama ya buluu iliendelea kutembea kwenye skrini, lakini chini yake palikuwa peupe, hapana barabara wala kijiji, kwani ramani ilikuwa ikivutwa kutoka mtandaoni kipande kwa kipande. Kufika Muze akashika njia isiyo yake, akaenda mwendo mrefu kabla ya kukutana na mchungaji wa ng'ombe aliyemrudisha. Wazee waliokuwa kando ya kaburi tangu Alasiri wakaliona jua likigusa milima, jeneza bado halijaonekana. Lilipofika, jua lilikuwa linatua. Hadithi ya Uqba bin Amir iliyopokewa na Imam Muslim inataja nyakati tatu ambazo Mtume (rehema na amani za Allah zimshukie) aliwakataza kuzika maiti, na kutua kwa jua ni mojawapo. Wakasubiri, wakaswali Magharibi, wakamzika ndugu yao kwa mwanga wa tochi. Mjane na watoto walirudi nyumbani usiku, mvua ikinyesha.

Ramani iliyopakuliwa asubuhi kwa dakika chache ingalitosha kumfikisha yule dereva.

Hata hivyo ramani nzuri nayo ina mipaka, na Ufipa inaifichua haraka. Nchi yetu ni uwanda wa juu uliokaa kati ya maziwa mawili. Sumbawanga ipo kwenye urefu wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko chini kwa kiasi cha mita elfu moja. Kwenye skrini, Muze iko jirani kabisa na mji. Kifaa hupima kwa kilomita, lakini dereva wa lori lililojaa hupima kwa breki, gia na ukungu wa kwenye kona. Kifaa kinachopanga safari kwa kutafuta njia fupi kinaweza kukupitisha kwenye barabara ya shamba ambayo inapitika mwezi wa Agosti, na ifikapo Februari ni mto. Ziwa Rukwa lenyewe hujaa na kupungua kiasi kwamba ufuko uliochorwa mwaka mmoja si ufuko wa mwaka mwingine. Kwa hiyo kwenye mpangilio wa kifaa chagua barabara kuu badala ya njia fupi, na kabla ya kuteremka simama uwasalimie walio njiani na kuwauliza habari za daraja. Hakuna setilaiti inayojua kwamba daraja limeondoka jana usiku.

Sasa ni nani anayefaa kununua kifaa cha kubandika? Kwa maoni yangu ni yule ambaye usukani ni kazi yake ya kila siku na anavuka mipaka: anayetoka Tunduma kwenda Zambia na kuendelea hadi Lubumbashi, anayekaa barabarani wiki mbili. Kifaa maalumu kina skrini inayosomeka juani, hakikatizwi na simu zinazoingia, hakimalizi chaji ya simu ambayo dereva ataihitaji gari likiharibika. Ramani za Tracks4Africa, zilizoanzia Afrika Kusini kwa kukusanya nyayo za wasafiri wenyewe, huingia kwenye vifaa vya Garmin na zinazijua njia za vumbi za bara letu. Bei yake lakini mara nyingi ni sawa na ya simu nzuri, na ramani nayo ina bei yake.

Baba wa mahindi, ambaye njia zake ni Laela, Tunduma, Mbeya na mara mojamoja Dar es Salaam, sioni kwamba anakihitaji. Kwake ningesema anunue kishikio imara cha simu, akiweke chini ya usawa wa macho pasipoziba barabara, na chaji ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti. Hapa kuna tahadhari ya kiufundi: gari dogo lina umeme wa volti 12, lori kubwa lina 24. Chaji isiyoandikwa 12–24 ikichomekwa kwenye lori inaweza kuungua na kuunguza simu pamoja nayo. Pia asiwashe ramani akiwa chini ya bati la gereji na kuilaumu kwamba ni nzito. Aiwashe nje, anga likionekana, aiache dakika chache ijue ilipo, aandike anakokwenda, ndipo aondoe gari. Kuandika ukiwa unaendesha ni kucheza na roho za watu.

Kwa gari la msikiti nimependekeza jambo ambalo baadhi ya wajumbe walilicheka kwanza. Wengi wetu tuna simu janja ya zamani iliyolala kabatini, kioo kina ufa lakini inawaka. Simu hiyo, bila laini yoyote, ikipakiwa ramani ya Tanzania na kufungwa ndani ya gari, ni kifaa kamili cha GPS. Dereva yeyote atakayepewa ufunguo ataikuta. Ndani yake tutahifadhi alama za makaburi, za misikiti ya vijijini, na za zile njia panda zinazowapoteza wageni. Alama hizo haziuzwi dukani. Tunazikusanya sisi wenyewe, kila safari alama moja au mbili, na dereva mgeni ajaye atatufaidi hata tukiwa hatupo.

Kwa anayekwenda mjini, hasa wagonjwa wetu wanaopelekwa Muhimbili na wafanyabiashara wa Kariakoo, simu inatosha na kuzidi. Basi humshusha kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na hapo ndipo mgeni hupotezwa na kila anayemwita mjomba. Aliyepakua ramani ya jiji anajua kwamba Muhimbili iko mwendo gani na upande gani, hata kama atapanda gari la mtu. Katikati ya majengo marefu alama huweza kurukia mtaa wa pili, kwa kuwa mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika. Asogee mahali pa wazi kidogo. Na asiishike simu dirishani kwenye foleni. Wapo wapitao na pikipiki kwa ajili hiyo tu.

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa yetu ina majina na nyumba zina namba, na serikali ina programu ya NaPA ya kuzitafutia. Nashangaa kwamba kadi zetu za harusi bado zinaandika "nyuma ya mashine ya kusaga". Mashine za kusaga Sumbawanga hazihesabiki.

Nisiiache ibada, maana kifaa hiki kinaigusa zaidi ya tunavyofikiri. Wanachuoni wetu waliihangaikia elimu ya mahali kwa sababu ya swala. Al-Biruni aliandika kitabu kizima, alichokimaliza mwaka 1025, ili kupata kwa hesabu mahali ulipo mji wa Ghazna na kibla chake. Leo hesabu hiyo tunaipata kwa kugusa skrini. Kutoka Sumbawanga kibla kipo kiasi cha nyuzi 15 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, ilhali kwa Dar es Salaam ni kaskazini karibu kabisa. Mgeni wa Dar aliyezoea kuelekea kaskazini ya moja kwa moja atakosea akiswali njiani huku kwetu. Atakayetumia dira ya simu asimame mbali na gari, kwani chuma huivuta sindano.

Liko pia suala la kupunguza swala. Umbali unaotajwa na wanachuoni wa Kishafi kwa vipimo vya leo unazidi kilomita 80. Kifaa hutoa namba mbili, ya mstari ulionyooka na ya barabara, na inayohesabiwa ni ya njia unayoipita. Matai haijafika huko. Kasanga, ambayo barabara yake ni kilomita 112, imefika. Na kama mji una njia mbili, fupi na ndefu, aliyeshika ndefu kwa sababu ya usalama au wepesi anapunguza. Aliyeishika ili apate kupunguza tu hana ruhusa hiyo, kwa kauli yenye nguvu. Nalitaja hili kwa kuwa kuna aliyeniambia, kwa mzaha natumaini, kwamba kifaa chake humtafutia njia ya kilomita 81.

Lililo zito zaidi ni saa. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika nne, na Sumbawanga iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi saba na nusu na ushei. Maana yake jua linatua kwetu kama nusu saa baada ya kutua Dar. Anayefuturu kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam akiwa Sumbawanga anakula mchana wa Ramadhani, na mwenye kuswali Alfajiri kwa ratiba ya huko anaswali kabla ya wakati. Programu za nyakati za swala huchukua mahali ulipo kutoka kwenye GPS ileile ya simu. Lakini aliyezima huduma ya mahali simu yake hubaki na mji wa mwisho iliyoujua. Aliyerudi jana kutoka Kariakoo na hajaiwasha, simu yake bado iko Kariakoo.

Afungue programu leo kabla ya Magharibi atazame jina la mji lililoandikwa juu. Likisomeka Dar es Salaam, awashe huduma ya mahali, atoke nje, asubiri libadilike. Kwa ndugu zetu wa Kirando, kwenye Ziwa Tanganyika, waongeze dakika nne hivi juu ya saa ya Sumbawanga.

Wallahu a'lam.